Nakala kwa Mshauri wa Mgambo

Jumatano, 25 Oktoba 1978

Nimerudi. Siku tatu Biharamulo kwenye semina ya mameneja wa miradi midogo ya vijiji, na siku nzima njiani juu ya lori la saruji. Hadi meno yana vumbi. Tulikuwa ishirini na wawili — wa maduka ya ushirika, wa matofali, wa mizinga ya nyuki, na mimi wa mashine ya kusaga. Tulikaa kwenye darasa karibu na lile boma la Mjerumani, juu ya viti vya watoto, magoti kidevuni.

Mkufunzi katoka Mwanza. Nilidhani atatufundisha habari za vipuri na dizeli. Siku ya kwanza yote akazungumzia moyo! Eti meneja haamui kwa kichwa peke yake, anaamua pia kwa hasira, kwa woga, kwa kutaka sifa, na asipojijua ataharibu mradi na watu wake. Tulicheka. Akagawa madaftari. Kila siku uandike umeamua nini, na chini yake hali ya moyo wako ulipoamua. Asisome mtu mwingine. Na ukiwa na hasira, uamuzi ungoje kesho.

Haya, naandika. Leo nimeamua kutundika cheti changu bandani, juu ya mashine. Anastazi, fundi wetu wa mashine, alikitazama huku akifuta mikono, akauliza kama kuna mahali kimeandika dizeli itafika lini. Huyo ndiye Anastazi. Tumesoma darasa moja, tumechunga mbuzi pamoja, mtoto wake wa kwanza nimemsimamia ubatizo. Kwa hiyo anajiona ana haki.

Hali ya moyo: shwari. Nimeudhika kidogo tu.

Ijumaa, 3 Novemba

Vita! Tumevamiwa kule Kagera na nchi itapigana. Jana watu wamejaa uani kwa mwenyekiti wetu Celestini kusikiliza redio mpaka betri zikafa. Kutoka hapa Nyamiaga kwenda huko ni mbali, lakini sukari imepotea dukani leo leo. Sabuni pia. Koleta, mke wangu, anasema sabuni imejuaje kuna vita.

Sijaamua lolote.

Jumatatu, 13 Novemba

Celestini katoka wilayani na maagizo mawili.

La kwanza, kijiji kitoe gunia arobaini za unga kwa ajili ya wanajeshi kabla mwezi haujaisha. Mahindi na makopa ya muhogo yapo, kila nyumba imeshachanga. Kazi ni kusaga.

La pili, orodha ya vijana waliopitia mafunzo ya mgambo. Wataitwa na Mshauri wa Mgambo, yule afisa wa wilaya. Wanaoachwa ni mwalimu, mhudumu wa zahanati na fundi mashine. Na kama mama ni mjane na ana mtoto wa kiume mmoja tu, mama mwenyewe anaweza kwenda kumwombea kwenye kikao cha kata. Anastazi alipitia mafunzo mwaka juzi, lakini ni fundi, tena ni mtoto pekee wa Mama Ildefonsa, mjane. Celestini hakuandika hata jina lake.

Nimeahidi mbele ya kikao kwamba gunia zote arobaini zitakuwa tayari Jumamosi hii. Celestini akauliza kama nimezungumza na fundi. Nikamwambia meneja ni mimi.

Hali ya moyo: nilitaka sifa. Si wamesema daftari hasomi mtu?

Alhamisi, 16 Novemba

Leo lazima niandike yote.

Asubuhi Ndugu Novatus, Katibu Kata, kaja kukagua unga. Nikampeleka bandani. Foleni ya wanawake ilikuwa hadi barabarani, mashine inanguruma, mimi naeleza. Nikasema gunia kumi na nane tayari, kesho kutwa zote. Nikasema hayo tu — mashine ikazimwa!

Anastazi kaizima. Nikamuuliza nini. Akasema beringi imeshika moto, ipoe mpaka kesho, tena inataka grisi. Mimi sikunusa kitu. Nikamwambia awashe. Akasema hapana. Nikamwambia kuna vita, wanajeshi wanangoja unga, hii ni amri. Akachukua kitambaa, akafuta vidole kimoja kimoja, akasema mbele ya watu wote:

"Protasi, wewe endesha kalamu. Hili dude niachie."

Wanawake wakacheka. Wote! Hata vibibi ambao hawasikii Kiswahili. Hayo ningevumilia. Lakini Novatus naye kacheka. Kacheka huku ananitazama, halafu akakitazama cheti changu ukutani.

Nimekwenda moja kwa moja ofisini, nikaketi, nikaandika. YAH: KUACHISHWA KAZI. Kwamba ameonyesha dharau ya makusudi kwa uongozi wakati Taifa liko vitani. Kwamba kazi yake imekoma tarehe ya leo. Kwamba asionekane eneo la mashine. Barua ikatoka nzuri, haina kosa hata moja. Nikagonga mhuri. Chini nikaweka Nakala: Katibu Kata. Nikaitazama, nikaona nakala moja ni nyembamba, barua haina uzito. Nikaongeza: Mshauri wa Mgambo, Wilaya. Kwa sababu ni wakati wa vita, na inapendeza.

Nilikumbuka ya mkufunzi. Nangoja kesho? Kesho hasira itakuwa imeisha na barua haitakuwa na nguvu. Kwa hiyo nimempa Anastazi leo leo mlangoni kwake. Nakala zote mbili Novatus kaondoka nazo kwenye mkoba wa baiskeli. Anastazi kaisoma. Kaikunja mara nne, kaitia mfuko wa shati.

Koleta kauliza nani atasaga. Nimemwambia atapatikana.

Hali ya moyo: safi kabisa. Nimetulia.

Ijumaa, 17 Novemba

Sijatulia. Jana niliandika uongo.

Foleni imekuja, imekuta banda limefungwa, imerudi na mahindi kichwani. Wanawake wa hapa wakikaa kimya ni afadhali wakutukane.

Jumamosi, 18 Novemba

Naandika kwa mkono wa kushoto. Nilijaribu kuiwasha mwenyewe. Hendeli imerudi nyuma, imenipiga kifundo cha mkono wa kulia. Kimevimba. Beringi nimeigusa — imeungua, nyeusi. Alisema kweli.

Jumapili, 19 Novemba

Misa. Padri kasema tutakiane amani. Anastazi alikuwa benchi la mbele yangu. Kageuka, kanyoosha mkono. Nikamwonyesha bandeji, nikainamia kitabu cha nyimbo. Kila mtu anajua mkono ukiuma unatoa kiwiko, mtu anakishika, yameisha. Mtoto mdogo anajua. Nilikuwa na kiwiko kizima.

Mpuuzi mimi.

Jumanne, 21 Novemba

Mkono wa kushoto unachoka lakini hili siwezi kulilaza.

Nilikuwa nimekaa kwenye benchi nje ya banda, sina la kufanya, nikamwona Mama Ildefonsa anapanda mlima. Nikasimama. Shikamoo mama. Marahaba mwanangu. Akakaa. Akauliza mkono. Kisha akafungua fundo la kanga na kutoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

Barua yangu!

Anasema Anastazi hali chakula vizuri wala hasemi. Jana mama alipokuwa anafua shati la mwanawe kaikuta. Yeye hajui kusoma, na Kiswahili cha ofisini hakimwingii. Kijiji kizima wanaleta kwangu barua kusomewa, miaka yote, hata wosia nimesoma. Kwa hiyo kaileta kwangu. Hakujua ni ya kwangu, mhuri kwake ni mhuri tu. Kanipa kwa mikono miwili.

Nikaifungua. Dharau ya makusudi. Taifa liko vitani. Yale maneno yaliyokuwa mazuri ofisini, yakiwa mkononi pamoja na yule mama pembeni, hayasomeki. Yeye ndiye alinilisha mwaka ule mama yangu alipolazwa. Nikaanza kwa Kihangaza, lugha yetu, na Kihangaza kikanirahisishia. Nikamsomea kwamba uongozi unamshukuru Anastazi kwa kazi yake. Kwamba mashine imechoka, inatengenezwa. Kwamba apumzike kidogo, itakapokuwa tayari ataitwa.

Uso wake ulifunguka. Akashukuru. Halafu akaweka kidole kwenye mistari miwili ya mwisho, akauliza huku chini pameandikwa nini.

Nikamwambia ni majina ya watu wanaomsalimia.

Kaikunja upya, kaifunga fundo. Kanibariki! Kashuka mlima anatembea upesi kuliko alivyokuja.

Hali ya moyo: sijui niite nini.

Jumatano, 22 Novemba

Nimeandika barua ya kutengua ile ya kwanza. Kwa mkono wa kushoto. Imekaa upande upande, inaonekana imeandikwa na mlevi. Meneja hawezi kutoa kitu kama hiki, tena na nakala. Nitaiandika upya mkono ukipona. Ipo mfuko wa shati.

Koleta anasema nimpelekee hivyo hivyo, Anastazi hatasahihisha mwandiko. Nimemkaripia. Baadaye nikaona aibu lakini sikumwambia.

Kesho nakwenda Kabanga kutafuta beringi. Mpakani hakikosekani kitu.

Ijumaa, 24 Novemba

Kabanga, siku mbili. Beringi nimepata kwa Mrundi mmoja ambaye kaitoa chini ya magunia ya chumvi, tena mpya, ndani ya karatasi yake. Nimebadilishana na saa yangu ya mkononi. Basi halikuja, nimelala kwa binamu wa Koleta. Kidogo nimefurahi. Nikirudi nampelekea Anastazi beringi, na barua, na rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ataifunga mwenyewe, atanicheka, basi.

Jumamosi, 25 Novemba

Karatasi imebandikwa mlangoni pa ofisi ya kijiji. Majina tisa ya mgambo. Namba saba: Anastazi.

Nikadhani wamekosea. Nilipiga baiskeli kwa mkono mmoja hadi kwa Novatus, nikamfokea hata kabla ya salamu. Amri ya wilaya inasema fundi mashine haitwi, je yeye ni nani wa kuipindua! Novatus hakunyanyua sauti. Kafungua faili, katoa nakala yangu, kaiweka mezani.

"Ndugu Meneja, fundi yupi? Mshauri wa Mgambo amesoma hapa kwamba hana kazi na ana mafunzo. Umemwandikia mwenyewe."

Nikasema mama yake ni mjane, ni mtoto pekee. Akasema kikao cha kuwaombea kilikuwa jana. Wamama watatu walikuja, wawili wamefanikiwa. Kwa Anastazi hakuja mtu. Orodha imeshakwenda wilayani.

Nilirudi kwa Celestini nikamuuliza kwa nini hakumtuma mama yule kikaoni. Kasema alimtuma mtu kwake Alhamisi, majina yalipobandikwa. Mama Ildefonsa akajibu kwamba wamechanganya, mwanawe yuko mapumzikoni tu, Protasi mwenyewe amemsomea barua.

"Ulimsomea nini?" Celestini kaniuliza.

Nikaishika baiskeli yangu. Yeye kaingia ndani. Nina hasira, na safari hii sina wa kumwandikia.

Jumapili, 26 Novemba

Baada ya misa nimekwenda kwa Anastazi. Si peke yangu, mtu haendi kuomba radhi peke yake. Koleta alinisindikiza na kibuyu cha rubisi kichwani. Mama Ildefonsa hakuwepo, alikuwa ameenda kuteka maji. Afadhali.

Anastazi kapokea kibuyu. Kakaa nacho magotini muda mrefu, hajaonja, na kama haonji hakuna mazungumzo. Koleta kanikanyaga mguu nisianze kusema. Mwishowe kavuta mrija. Ndipo nikasema yote, hata ya nakala, hata ya kiwiko kanisani. Nikatoa ile barua ya mkono wa kushoto. Kaisoma. Kacheka mwandiko. Kisha akasema, polepole:

"Siku ile ungenipiga ngumi, ningekurudishia, tungemaliza. Wewe umenipiga mhuri. Mhuri naurudishaje?"

Nimelia. Mbele ya Koleta, potelea mbali.

Kasema mama yake anajua sasa kwamba anaitwa, anadhani ni zamu tu, kama wengine. Ya barua hajui, anajua nilivyosoma. Anastazi hajamwambia na hatamwambia. "Utamwambia mwenyewe." Nimeahidi.

Halafu kainuka, kachukua beringi, tukaenda bandani. Kaifunga. Kanionyesha kile kikono kidogo juu ya injini cha kufungua pumzi, ambacho mimi nimekitazama miaka mitatu nikidhani ni pambo. Unakifungua, unazungusha hendeli bila nguvu, taratibu, hadi ikolee, ndipo unafunga. Kidole gumba kikae upande mmoja na vingine, ili hendeli ikirudi isikuvunje. Kanirudisha mara kumi na mbili. Nikikaza mabega ananigonga begani. Mara ya kumi na tatu imewaka mikononi mwangu. Mkono wa kushoto!

Tulisimama pale tunaisikiliza kama watu wanaosikiliza redio.

Jumanne, 28 Novemba

Ngara, bomani, makao ya wilaya. Lori limeondoka saa nne na vijana hamsini na kitu, kwenda Biharamulo, na kutoka huko wanakojua wao.

Nilifika mapema na barua ya kutengua. Nimeiandika upya jana, kwa mkono wa kulia, maumivu au la. Mhuri safi. Nikamkuta Mshauri wa Mgambo kando ya lori na orodha. Mtu mstaarabu, kaisoma yote. Kaniuliza swali moja. Mashine yenyewe sasa hivi inafanya kazi au haifanyi?

Mama Ildefonsa alikuwa nyuma yangu hatua tatu, kafunga mihogo ya kuchemsha kwenye jani la mgomba. Anastazi alikuwa juu ya lori, anatutazama.

Nikasema inafanya kazi. Nimefundishwa juzi.

Kakunja barua, kanirudishia. Kasema basi kijiji hakijaharibikiwa, Ndugu, tutaonana vita ikiisha.

Jumanne ile nilidanganya, Jumanne hii nimesema kweli. Zote mbili zimemwondoa. Kwa nini sikusema imekufa? Neno moja! Nilitaka yule afisa aone kwamba mimi ni meneja ninayeweza mashine yangu. Huo ndio ukweli, na mkufunzi wa Mwanza aje ausome akipenda.

Anastazi kapokea mihogo. Kaniinulia kiwiko kutoka juu ya lori. Lori likatuachia vumbi.

Jumamosi, 2 Desemba

Gunia arobaini zimepakiwa. Nimesaga mwenyewe siku tatu, masikio yananguruma hadi sasa. Wanawake wanaleta, wanachukua, hawacheki. Natamani wacheke.

Jumatano, 13 Desemba

Nimeletewa barua ya pongezi kutoka kata. Kijiji cha kwanza kukamilisha unga, ijapokuwa tulipitisha mwezi. Nakala kwa watu watatu. Celestini anataka niitundike karibu na cheti. Nimesema ukuta una unyevu. Cheti nacho nimekitoa.

Sijamwambia Mama Ildefonsa. Juma hili alikuja kusaga debe moja la mtama, nikaona foleni ni ndefu, si mahali pake.

Jumamosi, 23 Desemba

Barua ya Anastazi! Kaileta mama yake, anakimbia, mzee wa miaka sitini. Yuko hai, yuko mafunzoni, ana buti zinazombana. Anauliza watoto. Anauliza beringi. Anasema wale wenzake wanamwita Fundi, na gari la kambi likikataa kuwaka anaitwa yeye.

Nilisoma kama ilivyo, neno kwa neno. Isipokuwa mstari mmoja karibu na mwisho. Umeandikwa: Protasi, kama ni wewe unayesoma, je, umemwambia mama?

Niliuruka. Palikuwa na watu. Ilikuwa karibu na Noeli. Alikuwa na furaha. Sababu ninazo, naweza kujaza ukurasa.

Koleta kaniuliza barua ilisemaje. Nilipomwambia kaacha kumenya ndizi. Kasema: "Baba Zita, unamwonea huruma yeye au unajionea mwenyewe?" Nikatoka nje. Lakini sikumkaripia, iandikwe hapa kwamba sikumkaripia.

Jumatatu, 22 Januari 1979

Redio inasema majeshi yetu yamevuka mpaka. Uani kwa Celestini watu wanashangilia. Mama Ildefonsa alikuwa pembeni, anauliza kila mtu huo mji uliotajwa uko mbali kiasi gani na Biharamulo. Nilimfuata kumwambia. Nikafika karibu kabisa. Nikamuuliza habari za mbuzi.

Alhamisi, 1 Februari

Mkanda umekatika. Dizeli ya siku mbili. Mama Ildefonsa alipita njia ya chini na hakuitikia salamu yangu. Labda hakusikia.

Jumatatu, 5 Februari

Alisikia. Celestini kaniambia jana kwamba mama yule alikwenda mapema juma lililopita kwa katekista na barua zake zote mbili, ile yangu na ile ya Noeli, akaomba asomewe tena, kwa sababu anapenda kusikia maneno ya mwanawe. Katekista alisoma. Zote. Na ule mstari.

Haikuwa hila. Alipenda tu kusikia tena.

Nimeamua nitakwenda kwake kesho.

Jumanne, 6 Februari

Sikwenda. Dizeli imeletwa, ilibidi nipokee. Ilibidi? Pipa lingepokewa na mtu yeyote.

Jumamosi, 10 Februari

Saa tano asubuhi. Nipo ofisini, mlango nimeurudishia.

Mama Ildefonsa yuko nje kwenye benchi. Kaja na bahasha ya kaki. Imeletwa asubuhi hii na mtu wa bomani kwa pikipiki, hakungoja, kampa na kuondoka. Anwani imepigwa chapa. Si mwandiko wa Anastazi, wa Anastazi naujua, unalala kushoto. Nyuma kuna mhuri wa jeshi. Nimeipapasa, ndani kuna karatasi moja tu, au mbili nyembamba. Inaweza kuwa lolote. Inaweza kuwa amelazwa. Inaweza kuwa amepandishwa cheo, si wanamwita Fundi? Inaweza kuwa karatasi za posho, wanatuma karatasi kwa kila jambo wale.

Nilimwambia katekista anasoma vizuri kuliko mimi. Kasema katekista amekwenda Rulenge. Nikamwambia Celestini yupo. Kasema hapana. Kasema amekuja kwangu. Shikamoo yangu kaiitikia, hilo nalo niliandike, kaiitikia marahaba kama zamani, ila hakuongeza mwanangu.

Kaniambia: "Ile ya kwanza ulinisomea vizuri. Hii nisomee ilivyo."

Nikasema nachukua miwani. Miwani iko mfukoni mwa shati. Ipo pamoja na ile barua ya kutengua niliyorudishiwa Ngara, bado naitembeza.

Bahasha ipo hapa mezani, pembeni ya daftari. Sijaifungua. Nilitaka niifungue kwanza hapa peke yangu, niione, nijue nitasimamaje. Halafu nikaona ndivyo nilivyofanya ile siku, kuisoma kimya kwanza ili nipate nafasi ya kutunga. Kwa hiyo sitaifungua hapa. Nitaifungua mbele yake, tuisikie pamoja. Huo ndio uamuzi. Hali ya moyo: naogopa. Ninaogopa sana.

Wanawake wameweka chini madebe. Mashine nimeizima mwenyewe.

Nasikia benchi linalia, amesimama. Amegonga mlango kwa kidole kimoja. Anasema yuko tayari, nije. Anasema nisimwachie neno, nisome mpaka mwisho kabisa, na wale wanaosalimia chini nao niwataje. Natoka na bahasha.